Watumishi wanne wa zahanati yenye mtu mmoja: uchambuzi wa kisa kutoka Lindi

Kisa hiki kimetoka katika halmashauri mojawapo ya mkoa wa Lindi. Nilikuwemo tangu siku ya kwanza, nikiwa katibu wa afya. Nimeondoa jina la halmashauri, majina ya vijiji na ya kila aliyehusika, pamoja na tarehe zinazoweza kumtambulisha mtu. Idadi nilizoziacha ni za hesabu yetu wenyewe. Nimekiandika kwa ajili ya makatibu wa afya, maofisa utumishi na waganga wafawidhi, yaani wakuu wa vituo, ambao wana orodha ya watumishi mezani, orodha inasema hivi, wananchi wanasema vile.

## Mahali penyewe

Lindi ni mkoa mpana wenye watu wachache. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,194,028 katika eneo la takribani kilomita za mraba 66,000, yaani watu kama 18 tu kwa kila kilomita ya mraba. Anayepanga watumishi huku hupambana na umbali kabla ya kupambana na wingi wa wagonjwa. Kijiji cha kaya 300 kinaweza kuwa kilomita 60 kutoka kituo cha afya kilicho karibu, na masika yakikolea chombo kinachobaki ni pikipiki. Mito ikijaa, hata pikipiki haipiti.

Halmashauri hii ilikuwa na hospitali 1, vituo vya afya 4 na zahanati 33. Zahanati nyingi zilijengwa wakati wa MMAM, mpango wa maendeleo ya afya ya msingi ulioanza 2007 ukilenga zahanati kwa kila kijiji na kituo cha afya kwa kila kata. Wananchi walisomba mchanga na kufyatua matofali wakiwa wametoka kuvuna ufuta, na majengo yakasimama. Watumishi hawakuja kwa kasi hiyo. Ikama ya Wizara ya 2014, yaani idadi ya watumishi ambayo kila kituo kinapaswa kuwa nayo, ilitaka zahanati iwe na watumishi wasiopungua 15 na kituo cha afya wasiopungua 39. Kwetu zahanati ikipata mtumishi wa tatu, kijiji kilifurahi.

Kisha ikaja miaka ya 2016 na 2017. Ajira mpya zilisimama wakati wa uhakiki wa watumishi hewa, na Aprili 2017 Rais alikabidhiwa mjini Dodoma orodha ya watumishi wa umma 9,932 wa nchi nzima waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi. Walioondoka kwetu waliacha mapengo, na mapengo tuliyaziba kwa mdomo: wewe nenda kashike pale kwa muda. Agizo la mdomo halina tarehe ya mwisho. Nikitazama nyuma naona hapo ndipo karatasi zetu zilipoanza kuachana na vituo vyetu.

Orodha zilikuwa tatu. Moja ni ya mishahara, iliyokuwa mikononi mwa ofisa utumishi, katika mfumo ambao watumishi wengi bado wanauita Lawson. Ya pili ilikuwa katika HRHIS, mfumo wa taarifa za rasilimali watu wa sekta ya afya. Ya tatu ilikuwa jedwali la Excel katika kompyuta moja ya ofisi ya Mganga Mkuu wa Halmashauri. Lawson ilionyesha majina 312, HRHIS 287, Excel 341. Tulijua hazilingani, na tulikuwa tumezoea. Ukiombwa idadi na mkoa ulitoa moja, ukiombwa na Wizara ulitoa nyingine, kila mara kwa nia njema kabisa.

## Usiku ule

Mwanzoni mwa mwezi mmoja, mama mwenye mimba ya nne alifika zahanati ya kijiji cha mwisho kabisa upande wa magharibi, kama saa tatu usiku, uchungu umeshika. Alikuta mlango umefungwa. Muuguzi alikuwa ameondoka asubuhi kwa bodaboda kwenda makao makuu ya wilaya kupeleka ripoti za MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, kuchukua chanjo na kubadilisha mtungi wa gesi wa friji. Mvua ilimzuia, akalala mjini.

Mama alijifungulia barazani, akisaidiwa na mama mkwe wake na jirani mmoja. Mtoto alilia. Kondo la nyuma lilichelewa kutoka na damu ikawa nyingi. Walimpakia kwenye pikipiki kati ya dereva na shemeji yake, wakamfunga kwa kanga asianguke, wakamfikisha kituo cha afya alfajiri. Alipona, na mtoto wake pia. Nalisema hili mapema kwa sababu kila niliposimulia kisa hiki, watu hawakusikia neno jingine mpaka walipojua kama mama alipona.

Taarifa ilipofika mkoani, swali lililorudi lilikuwa fupi. Kwenye mfumo zahanati ile ina watumishi wanne. Usiku ule walikuwa wapi?

Hatukuwa na jibu, tukafunga safari. Tabibu alikuwa masomoni, mwaka wa pili. Muuguzi mmoja alikuwa wodi ya wazazi ya hospitali ya wilaya, "ameazimwa", na huko kuazimwa kulikuwa kumetimiza miaka miwili bila barua. Mhudumu wa afya alikuwa amestaafu miezi minane nyuma, lakini jina lake lilikuwa bado halijaondolewa. Alibaki muuguzi mmoja, mama wa miaka hamsini na kitu, ambaye kijiji kizima kinamwita dokta. Nilimwamkia, akaniitikia, akanikaribisha kiti, kisha akasema: "Mwanangu, tangu mwaka jana sijalala nikiwa nimevua viatu."

Ofisini kwetu barua ya kumtaka ajieleze kwa kuacha kituo ilikuwa tayari imechapwa, ikisubiri sahihi tu.

## Uamuzi wa kwanza: barua isitoke, na watu wahesabiwe kwa uso

Barua ile ilizuiwa, ingawa ndani ya timu haikuwa rahisi. Wenzetu wawili walisema kwamba kituo kimefungwa, mama nusura afe, na mtu asipoulizwa tutakuwa tumefundisha uzembe. Hoja yao ilikuwa na uzito. Lakini ratiba ya ripoti na chanjo tuliipanga sisi, na tuliipanga kama vile kila zahanati ina mtu wa kubaki. Kumwadhibu aliyefuata ratiba yetu kungewafundisha wafawidhi jambo moja tu, kwamba ukiwa peke yako usiseme.

Baada ya hapo tukakubaliana kuhesabu upya. Njia rahisi ilikuwa kuwapigia simu wafawidhi wote 38 watutajie watumishi wao. Tuliiacha kwa sababu mfawidhi akiulizwa kwa simu husoma kile kile alichowahi kuandikiwa. Tulichagua kwenda wenyewe, vituo vyote ndani ya wiki moja, ili mtu asihesabiwe Jumatatu zahanati hii na Alhamisi hospitali. Timu zilikuwa tano, kila moja ikiwa na mtu mmoja wa mkoa, na hakuna aliyehesabu eneo analolisimamia.

Kila kituo kilikaguliwa kwa vitu vitatu. Kwanza watu waliopo, kila mmoja na cheki namba yake, ile namba ya mtumishi kwenye orodha ya mishahara. Pili ratiba ya zamu ya mwezi uliopita. Tatu, na hili lilipendekezwa na muuguzi mkuu wetu, mwandiko. Alifungua kitabu namba 12 cha MTUHA, kile cha wazazi, akapitisha kidole ukurasa kwa ukurasa na kuuliza, huu mwandiko wa nani? Ratiba ya zamu inaweza kuandikwa siku ya ukaguzi. Mwandiko wa miezi sita katika rejista ya kujifungulia hauwezi. Katika zahanati moja yenye wauguzi watatu kwenye ratiba, kitabu kizima kilikuwa na mwandiko wa mtu mmoja, na alikuwa binti wa kujitolea asiyekuwa kwenye orodha yoyote.

Majina yalitusumbua kuliko umbali. Fatuma wa mishahara ni Fatma wa HRHIS na Fatuma mwingine, mwenye jina la mume, wa Excel. Mohamedi ni Muhamedi ni Mohamed. Kwa mikoa ya pwani jambo hili si dogo. Excel yetu ilikuwa imewahesabu watu zaidi ya kumi mara mbili kwa sababu ya herufi. Tuliamua jina lisiwe ufunguo, cheki namba ndiyo iwe ufunguo. Uamuzi huo ulitatua tatizo moja na kulificha jingine, nitalirudia.

## Tulichokikuta

Kati ya majina 312 ya orodha ya mishahara, 221 walikuwa wanafanya kazi pale walipoandikwa. 47 walikuwa kazini, lakini katika kituo kingine ndani ya halmashauri. 19 walikuwa masomoni. 11 walikuwa likizo ya uzazi au ugonjwa wa muda mrefu. 8 walikuwa wanafanya kazi nje ya halmashauri. 6 walikuwa wamestaafu, wamefariki au hawakupatikana.

Upande wa pili tulikuta watu 36 wasiokuwa kwenye orodha ya mishahara kabisa, wakijitolea au wakilipwa kidogo na kituo kutoka mapato yake. Ukijumlisha walio kazini kwa mshahara, 268, na hawa 36, unapata 304. Jumla ya karatasi ilikuwa 312. Yaani halmashauri ilikuwa na watu karibu sawa na ilivyoandikwa! Kilichopotoka ni mahali walipo. Zahanati 9 zilikuwa na mtaalamu mmoja tu, huku 29 kati ya wale 47 waliohamishwa kwa mdomo wakiwa wamejikusanya hospitali, ofisini kwetu na katika vituo viwili vilivyo kando ya lami.

Nataka niseme wazi kwamba ni wawili tu kati ya hao 312 walioweza kuitwa watoro. Tulikuwa tumeingia kwenye zoezi hili tukitafuta watoro. Vikao vyetu kwa miaka vilikuwa vimejaa neno hilo, na lilitukosesha kuona kwamba wengi "wasioonekana" tuliwaondoa sisi wenyewe, kwa simu, siku ya dharura fulani ambayo hakuna anayeikumbuka.

## Uamuzi wa pili, uliokwama

Kwa takwimu hizo mkononi tulifanya kosa ambalo nadhani halmashauri nyingi zingefanya. Tuliandika barua 29 za kuwarudisha watu kwenye vituo vyao ndani ya siku 14.

Baada ya miezi mitatu hali ilikuwa hivi: 11 walikwenda na kubaki, 7 walileta barua za daktari au za kufuata mwenzi, 6 waliripoti kisha wakarudishwa kimya kimya walikotoka, na 5 walipata uhamisho wa kutoka kabisa katika halmashauri. Watumishi watano wenye uzoefu wameondoka ili tupate kumi na mmoja. Sikuwa na usingizi mzuri wiki ile.

Sababu zilijitokeza tulipokaa kuwasikiliza wale sita. Mmoja alipewa nyumba isiyo na mlango wa nyuma, na tembo walikuwa wanapita karibu na kijiji. Mwingine ana mtoto wa darasa la saba na shule ya kijijini ilikuwa na walimu wawili. Posho ya uhamisho haikulipwa kwa hata mmoja, nasi tuliita "kurudi kituoni" ili isiwe uhamisho. Lilikuwa jina la kukwepa deni, na watumishi walilielewa hivyo. Zaidi ya yote, miaka mingi kupelekwa vijijini kulitumika kama adhabu. Barua yetu, hata kwa lugha yake ya upole, ilisomwa kwa kumbukumbu hiyo.

Kulikuwa na sababu nyingine, ya upande wa hospitali. Muuguzi wa zamu wa wodi ya wazazi alikuja kutulalamikia, na alikuwa na haki. Tulikaa naye tukapiga hesabu kwa njia ya WISN, ile ya Shirika la Afya Duniani inayopima haja ya watumishi kwa wingi wa kazi badala ya aina ya jengo. Mwaka una siku za kazi 260. Toa siku 20 za kazi zinazoliwa na likizo ya mwaka, kama 13 za sikukuu, na 12 tulizokadiria za ugonjwa, misiba na mafunzo. Zinabaki 215, kwa saa 8 kwa siku ni saa 1,720 za muuguzi mmoja. Wodi ilikuwa na wanaojifungua 900 kwa mwaka. Tukikubali kwamba kila mmoja anahitaji saa 6 za mkunga tangu kupokelewa hadi kutulia baada ya kujifungua, ni saa 5,400. Gawa kwa 1,720 unapata wakunga zaidi ya 3 wa chumba cha kujifungulia peke yake, hujagusa wodi ya baada ya kujifungua, upasuaji wala watoto njiti. Kwenye karatasi wodi ilikuwa na wanne kwa kazi zote hizo. Ndiyo maana waliazima. Mtu aliyeazima hakuwa na tamaa. Alikuwa na wazazi wawili kwenye kitanda kimoja.

Hesabu hiyo hiyo ilitufungua macho kuhusu ikama. Kudai watumishi 15 kwa zahanati inayoona wagonjwa sita kwa siku na 15 kwa inayoona sitini ni kudai kwa ukuta wa jengo. Kwa Lindi, hata hivyo, WISN nayo ina kasoro yake. Zahanati ya kijiji cha mwisho, kwa wingi wa kazi, ingeonekana inahitaji nusu mtu. Nusu mtu haamki saa tatu usiku.

## Uamuzi wa tatu: wawili kabla ya wanne

Tulirudi mezani tukiwa wanyenyekevu zaidi, na safari hii tuliwaita wafawidhi sita wa vituo vya mbali wakae nasi kutwa nzima. Kilichotoka ni kanuni moja na mambo kadhaa ya kuitegemeza.

Kanuni ni kwamba hakuna kituo kitakachopata mtaalamu wa nne kabla kila kituo hakijapata wa pili. Hospitali ilitengwa na kanuni hii na kupewa kiwango chake kwa hesabu ya kazi. Hatukuahidi kufikia ikama. Tuliahidi kwamba hakuna atakayekuwa peke yake.

Nyumba ilitangulia mtu. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja wa afya huingia moja kwa moja katika akaunti ya kituo, na kamati ya usimamizi wa kituo ina sauti juu ya matumizi. Tulikaa na kamati za zahanati tisa. Tano zilipanga matengenezo madogo ya nyumba katika mpango wao wa mwaka: mlango wenye kitasa, tanki la maji, sola ya taa na kuchajia simu. Vijiji viwili vilitoa nyumba ya serikali ya kijiji. Viwili havikuwa na chochote, na tulikubali kwa uchungu kwamba hivyo vitasubiri. Nilisikia diwani mmoja akimwambia mwenyekiti wake, "Dokta haolewi na zahanati, anataka pa kulala," na kikao kikaisha hapo.

Anayekwenda mbali alipewa barua yenye tarehe ya kurudi, miezi 18, na sahihi ya Mganga Mkuu. Watu 14 walikubali ndani ya wiki tatu, wanne wakiwa ni wale wale waliokimbia barua ya kwanza. Walichokichukia awali ni kijiji kisicho na mwisho. Kijiji chenye mwisho waliweza kukipangia maisha.

Kuazima kukapewa fomu ya ukurasa mmoja. Nani, kutoka wapi, kwenda wapi, kwa sababu gani, mpaka lini. Siku 60 zikipita bila kuongezwa kwa maandishi, mtu anarudi. Mfawidhi anayenyang'anywa mtu lazima asaini, na ana haki ya kukataa kama atabaki peke yake.

Chanjo, gesi na ripoti vikaanza kusafiri badala ya muuguzi. Gari la usambazaji lilipangiwa mzunguko mmoja kwa mwezi wa zahanati za mbali, likishusha chanjo na mitungi na kupokea ripoti. Mafuta yalitengwa kwa kupunguza safari tatu za vikao vya makao makuu. Ukiniuliza katika yote tuliyofanya lipi liliokoa watu wengi zaidi, nitasema hili, na halikuhusu kuajiri mtu hata mmoja.

## Orodha inayopumua

Kuhesabu mara moja kunazeeka haraka. Tulihitaji namna ya kujua kila mwezi, bila intaneti, maana vituo vingi hupata mtandao juu ya kichuguu fulani au chini ya mwembe fulani. Tukaamua ujumbe mfupi wa kawaida wa simu, kila tarehe 25, mistari mitatu: waliopo, walio nje na mpaka lini, na wanaokaribia kuondoka ndani ya miezi sita. Kwa mfano: "Wapo 2. Nje 1 likizo hadi tar 12. Karibu 1 uzazi mwezi wa 8." Mimi na karani mmoja tulihamishia kwenye daftari, kisha kwenye jedwali moja, na kila robo mwaka ofisa utumishi alilinganisha na mishahara, cheki namba kwa cheki namba.

Mstari wa tatu ndio uliobadilisha kazi yetu. Likizo ya uzazi ni siku 84, na mimba haimshtukizi mtu siku moja. Kustaafu kwa lazima ni miaka 60, na tarehe ya kuzaliwa ipo kwenye jalada tangu siku ya ajira. Tulipopanga wauguzi wetu 96 kwa umri tulikuta 21 watafika 60 ndani ya miaka mitano. Maombi ya ikama na bajeti ya mishahara huandikwa mwaka mmoja kabla, na kibali cha ajira mbadala huombwa kwa jina la anayeondoka. Miaka yote tulikuwa tunaomba baada ya mtu kuagwa na kupewa bati zake.

Mwanzoni majibu yalikuwa machache. Mwezi wa kwanza walituma wafawidhi 17 kati ya 38. Tulianza kuwajibu. Kila aliyetuma alipata ujumbe siku iyo hiyo: tumeona, likizo ya mwezi wa 8 itazibwa na fulani kutoka kituo fulani. Mwezi wa nne walituma 33. Wafawidhi wamejaza fomu miaka nenda rudi bila kuona zilikokwenda. Walipoona ujumbe unaleta mtu, walituma.

## Matokeo baada ya miezi 18

Zahanati zenye mtaalamu mmoja zilishuka kutoka 9 hadi 2, vile vijiji viwili visivyo na nyumba. Waliokuwa wakifanya kazi kituo kingine bila maandishi walishuka kutoka 47 hadi 6. Orodha ya mishahara na jedwali letu zilitofautiana kwa majina 4, na kila moja lina maelezo.

Kati ya 14 waliokwenda kwa miezi 18, 9 walimaliza muda na kurudishwa kama tulivyoahidi, 3 waliomba kubaki, 2 walihama mkoa. Kuwarudisha wale tisa kwa tarehe kulikuwa kugumu kuliko kuwapeleka, kwa kuwa kila mmoja alikuwa amezoeleka na kijiji kilipinga. Tuliwarudisha. Tungevunja ahadi ile mara moja, asingekwenda mwingine.

Masika ujumbe wa tarehe 25 hushuka hadi 20 na kitu. HRHIS tuliisahihisha yote, kisha ofisa aliyekuwa na nywila akahamishwa na miezi mitano ikapita bila kuguswa. Sasa nywila inashikwa na watu wawili na makabidhiano yanaandikwa.

## Tulipokosea, na ambapo hatujamaliza

Cheki namba kuwa ufunguo kuliwafanya wale 36 wasionekane kwa mara ya pili. Jedwali letu safi, tulilolionea fahari, halikuwa na nafasi ya mtu asiye na cheki namba. Yule binti mwenye mwandiko wa kitabu namba 12 alizalisha akina mama kwa miezi sita na katika ripoti yetu ya kwanza hakuwepo. Aliyeligundua ni yeye mwenyewe, alipomwomba mfawidhi wake barua ya uzoefu na mfawidhi akatuuliza sisi tumwandike vipi. Tuliwafungulia safu yao, tukawapa namba zetu za ndani, barua za uzoefu, na tukawaandikia vituo kwamba asiye na leseni ya baraza la taaluma yake asifanye kazi peke yake. Malipo yao hayajatatuliwa. Kituo chenye mapato humlipa wake kidogo. Zahanati ya kijiji cha mwisho, ambako nusu ya wagonjwa ni watoto na wajawazito wenye msamaha, haina cha kumlipa. Naona aibu kila nikisaini ratiba ya zamu yenye majina yao, nami naisaini.

Barua 29 za kwanza zilitugharimu watumishi watano na imani ya wengi. Tungeanza na kuwasikiliza wafawidhi sita, tungejua kuhusu nyumba kabla ya kuandika sentensi moja. Na tulichelewa kumhusisha ofisa utumishi. Kwa miezi miwili alidhani tunakagua kazi yake. Alipoingia kikamilifu ndipo majina ya waliofariki yalipoondoka ndani ya wiki.

Kilichofanya kazi, kwa maoni yangu, kilitokana na lile swali la kwanza kutoka mkoani. Halikuuliza mna watumishi wangapi. Liliuliza usiku ule walikuwa wapi. Fomu yetu ya ukaguzi sasa ina kipengele hicho: chagua usiku mmoja wa mwezi uliopita, taja aliyekuwa zamu, onyesha mwandiko wake.

Zahanati ya upande wa magharibi ina wauguzi wawili na tabibu aliyerudi masomoni. Yule mama wa miaka hamsini na kitu anatimiza 60 mwaka ujao. Jina lake lipo kwenye mstari wa tatu tangu mapema, maombi ya mbadala wake yameshakwenda, na muuguzi kijana atakayepokea ameanza kulala kijijini wiki moja kila mwezi ili akina mama wamzoee kabla dokta wao hajaondoka.